Kadi za Mazimwi na Ndimi Zetu



Vijana wenzangu, leo tuongelee jambo ambalo wengi wenu mtasema haliwahusu, na wachache litawagusa hadi kwenye mfupa. Ni ile michezo ya kadi za kufikirika. Sisemi karata za kawaida, zile za shupaza na kopa. Nasema Magic: The Gathering, Pokémon, Yu-Gi-Oh! na nyingine za ukoo huo, ambazo kila kadi ina picha ya joka, zimwi, shujaa au mnyama asiyekuwepo duniani, na watu huzinunua, huzikusanya, hubadilishana na kushindana nazo.

Kwa asiyezijua, nieleze kidogo. Magic ilitoka Marekani mwaka 1993, na aliyeibuni ni Richard Garfield, mtu wa hisabati. Kila mchezaji huja na pakiti aliyoipanga mwenyewe nyumbani, kwa kawaida kadi zisizopungua 60, akichagua kati ya maelfu zilizokwisha kuchapishwa. Anaanza akiwa na pointi 20 za uhai. Kadi za ardhi zinampa nguvu, na nguvu hiyo anaitumia kulipia viumbe na mashambulizi. Anayefika sifuri ameshindwa. Ukiondoa picha, kinachobaki ni hesabu, kumbukumbu na kusoma uso wa mwenzako. Pokémon ya kadi ilianzia Japani mwaka 1996, na Yu-Gi-Oh! ikafuata mwaka 1999. Hizo ndizo kubwa.

Kwetu Afrika Mashariki wanaozicheza si wengi sana. Lakini Waswahili wengi wanakutana nazo Ulaya na Amerika Kaskazini, hasa watoto wa familia zilizotoka Bukavu, Mombasa au Mwanza. Shuleni wanakaa mezani na wenzao na kadi zao, jioni wanarudi kwenye nyumba ambayo Kiswahili ndiyo lugha ya mama. Hapo ndipo moto unapowaka, na nadhani lugha yenyewe inachangia.

Hebu fikiria. Katika Magic, mchezaji anajifanya mtu mwenye uwezo wa maajabu anayepambana na mwenzake. Mtoto wa kule anayo maneno mengi ya Kiingereza kwa mtu kama huyo, na mengine ni ya vitabu vya watoto tu, hayamtishi mtu. Sasa mwambie amweleze mama kwa Kiswahili. Atasema nini? "Mama, hapa mimi ni mchawi, na huyu namroga." Jamani! Lugha yetu haina mchawi wa kuchezea. Tuna mchawi, tuna mlozi, tuna mwanga, na hao wote kwa mama ni watu wa kweli, wana majina, wana majirani, wana makaburi wanayotembelea usiku. Neno mazingaombwe lingesaidia kidogo, ila hilo ni la yule anayetoa njiwa kwenye kofia. Kwa hiyo kabla hujamcheka mama aliyezitupa kadi zako jalalani, jua kwamba alichosikia yeye sicho ulichokisema wewe.

Hofu hiyo si ya Waafrika peke yao. Marekani miaka ya 1980 kulikuwa na kelele kubwa dhidi ya Dungeons & Dragons, mchezo wa kusimulia ulioanza mwaka 1974, ukishutumiwa kwamba unawapeleka vijana kwa shetani. Magic ilipokuja ikarithi lawama zile zile. Mwaka 1996 familia Katoliki katika wilaya ya shule ya Bedford, jimbo la New York, zilikwenda mahakamani zikilalamika pamoja na mengine kwamba watoto wanaucheza mchezo huo shuleni. Kesi ilisukumwa hadi mahakama ya rufaa mwaka 2001, na hawakushinda. Wenye kampuni nao waliona upepo unakovuma: kuanzia katikati ya miaka ya 1990 waliacha kuchapisha kadi mpya za mashetani, wakazirudisha mwaka 2002. Na si Wakristo tu, maana mwaka 2001 wakuu wa dini wa Saudi Arabia waliipiga marufuku Pokémon.

Sasa cha kushangaza. Mwaka 2000, Pokémon ilipokuwa imeteka watoto wa dunia nzima na wahubiri wengi wakiiita mlango wa shetani, kituo cha televisheni cha maaskofu wa Italia, Sat 2000, kiliisifu. Kiliona ndani yake ubunifu na urafiki. Hiyo si kauli ya Papa wala si fundisho la imani, tusije tukaipa uzito isiokuwa nao. Lakini inaonyesha kwamba Wakatoliki wawili wenye imani moja wanaweza kutazama kadi ile ile wakaona vitu viwili tofauti, na Kanisa lisipasuke.

Basi Kanisa lenyewe linasema nini? Katekisimu, namba 2116 na 2117, inakataa kabisa uaguzi na uchawi: kutafuta kujua yaliyofichika kwa njia za giza, kutafuta nguvu zisizo za Mungu ili kuwatawala wengine, kuita pepo. Angalia vitenzi. Kutafuta, kuita, kutawala. Ni matendo ya moyo unaotaka kitu kweli kutoka mahali pasipostahili. Mtu anayeweka mezani kadi ya joka ili afikishe pointi za mwenzake sifuri hatafuti nguvu yoyote. Anatafuta kushinda, halafu wagawane chipsi. Tofauti na yule anayetandaza kadi za tarot ili ajue ataolewa lini. Huyo hata kama anacheka, anauliza swali la kweli kwa mtu asiyepaswa kuulizwa. Kadi zote ni karatasi na rangi, na bado mmoja anacheza na mwingine anaagua.

Na kwani sisi hatukulelewa na mazimwi? Bibi akisema hadithi hadithi, tukajibu hadithi njoo, zimwi lilikuja na likameza kijiji kizima, likapasuliwa kidole likawatapika watu wakiwa hai. Hakuna aliyemwambia bibi kwamba anaabudu pepo. Tulijua, tukiwa na miaka mitano tu, kwamba zimwi la hadithi lipo ili lishindwe. Mkatoliki J.R.R. Tolkien, aliyekuwa mtu wa Misa hasa, alijaza vitabu vyake wachawi na majoka, na imani yake haikumzuia. Kiumbe cha kutisha ndani ya hadithi kinaweza kumfundisha mtoto kwamba ubaya upo na kwamba unapigwa.

Lakini nisiende haraka. Yuko mtu ambaye kwake hadithi na maisha vilichanganyikana. Yuko aliyekulia nyumba yenye hirizi mlangoni, akapelekwa kwa mganga akiwa mtoto, akachanjwa, na akaja kumjua Kristo kwa machozi. Ukimwekea huyo kadi ya pepo mezani wakati wa jumuiya ukamwambia "ni mchezo tu", hujamweleza kitu. Nitarudi kwake.

Kinachonikera zaidi ni kile tunachofanya na jina. Kijana akionekana na kadi hizo, hata kabla hajaulizwa, ameshakuwa Freemason. Wanakwaya wanamnong'ona. Mama wa rafiki yake anamwambia mwanawe apunguze mguu pale. Hakuna aliyekaa naye dakika kumi akamwuliza, "Hebu nionyeshe, hii inachezwaje?" Katekisimu namba 2477 inaliita jambo hilo kwa jina lake: hukumu ya haraka, yaani kuamini bila msingi wa kutosha, hata kimoyomoyo tu, kwamba jirani ana kosa la kimaadili. Tena namba inayofuata inatutaka tujitahidi kuyapokea maneno na matendo ya mwenzetu kwa maana iliyo njema, na pale tusipoelewa, tumwulize yeye mwenyewe anaelewaje. Kuuliza ndiko kunakotushinda.

Na sisi watu wa huku tunapaswa kuliogopa jambo hili kuliko wengine wote. Kanda ya Ziwa, hasa Shinyanga na Mwanza, imezika vikongwe waliouawa kwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyowiva kwa miaka ya moshi wa jikoni. Kilifi, Kenya, wazee wameuawa ambao mvi zao zilitosha kuwa ushahidi. Sisemi kijana wa kadi yuko hatarini kama yule bibi. Hapana. Nasema njia inaanzia mahali pamoja: alama ya nje, hofu ambayo ni ya kweli kabisa, kisha jina, na baada ya jina hakuna anayeuliza tena. Mkristo anayejua mwisho wa njia hiyo hapaswi kuianza hata kwa utani.

Kuna unyanyapaa wa pili, na huu hausemwi sana kwa sababu hauna shetani ndani yake. Ni kejeli. "Mtu mzima na katuni." "Ndio maana hana mchumba." Huu unatoka kwetu sisi vijana, na mara nyingi unatoka kwa wale wale ambao hawaamini habari za Freemason. Wanajiona wameelimika, hawaogopi kadi, wanamdharau tu mwenye kadi. Na niseme ukweli wa pale nje ya kanisa: Misa ikiisha, vijana wanasimama chini ya mti na kuonyeshana mikeka kwenye simu, nani ameweka timu ngapi, nani amechanika kwa mechi moja. Hakuna anayeona aibu. Pesa ya nauli imekwenda kwa kampuni ya kubeti, na anayechekwa ni yule aliyekaa nyumbani anapanga kadi 60 kwa akili zake. Mchezo wetu tunauona wa kiume kwa sababu tu tuko wengi.

Mtume Paulo aliwahi kuandikia jumuiya iliyogawanyika hivi hivi, ila wao ilikuwa juu ya chakula. Soma Warumi sura ya 14, aya za mwanzo, taratibu. Anazungumza na pande mbili na kila upande anaupa onyo lake. Anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula. Aliona kwamba kila kundi lina dhambi inayolifaa: walio huru huwa na dharau, na walio waangalifu huwa na hukumu. Ukijitazama vizuri utajua wewe uko kundi gani. Na mchezaji wa kadi naye yumo, maana wapo wanaomdharau mama aliyeogopa, wakimwita mshamba.

Mtakatifu Thoma wa Akwino naye ana neno hapa, na ni neno la faraja. Katika Summa, anapojadili kiasi, anauliza kama kunaweza kuwa na fadhila katika mchezo. Anajibu ndiyo. Anasimulia habari ya kale ya Mtume Yohane, kwamba watu walikwazika kumwona akicheza na wanafunzi wake. Ona hilo, jamani, mtume mzima alisemwa kwa kucheza! Yohane akamwita mmoja wao aliyekuwa na upinde, akamwambia apige mshale, apige tena na tena. Kisha akamwuliza kama anaweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule akasema upinde ungevunjika. Na roho ya mtu, akasema Yohane, ingevunjika vivyo hivyo isipolegezwa. Thoma anakwenda mbali zaidi, anasema mtu asiyecheka kabisa na anayewaharibia wengine furaha yao ana kasoro ya kimaadili. Ila anaweka na mipaka: mchezo usiwe na uchafu wala madhara, usimpokonye mtu akili zake, na ufae mahali, wakati na mtu.

Kwa mipaka hiyo, kadi hizi zina maswali mazito ambayo kelele za shetani zimeyafunika. Kubwa ni pesa. Pakiti mpya huuzwa zimefungwa, hujui umenunua nini mpaka uifungue. Mara nyingi ndani kuna kadi za kawaida zisizo na bei. Mara moja moja inatoka ya thamani. Umeshaona inafanana na nini. Mwaka 2023 Magic ilitoa kadi za hadithi ya Tolkien, na kati yake kadi moja tu ya aina yake duniani, ile ya Pete. Iliripotiwa kununuliwa na mwanamuziki Post Malone kwa dola milioni 2. Hadithi nzima ya Pete inahusu kitu kinachomla kila anayekitamani, na watu walirarua pakiti kwa mamia wakikitafuta. Sijui kama Tolkien angecheka au angelia.

Katekisimu namba 2413 inasema michezo ya bahati yenyewe si kinyume cha haki, lakini haikubaliki inapomnyima mtu kile kinachohitajika kwa mahitaji yake na ya wengine, na inaonya kwamba shauku yake inaweza kugeuka utumwa. Watakatifu walikuwa wakali zaidi. Fransisko wa Sale, katika kitabu chake kwa waamini walei cha mwaka 1609, aliruhusu michezo ya ustadi na kukataa karata na dado, kwa kuwa ushindi wake unategemea bahati kuliko bidii. Bernardino wa Siena alihubiri Bologna mwaka 1423 dhidi ya kamari, na watu wakaleta karata zao zikachomwa hadharani. Inasimuliwa kwamba fundi mmoja wa kuchora karata alimwendea akilia kwamba sasa atakula nini. Bernardino hakumwambia kwamba yeye ni wa shetani. Alimwonyesha herufi za Jina la Yesu, IHS, akamwambia achore hizo, na fundi akapata kazi nyingi kuliko mwanzo. Napenda kwamba alimsikiliza yule mtu.

Kwa hiyo ukitaka kumwuliza mwenzako swali la kumsaidia, mwulize: umetumia kiasi gani mwezi huu? Pesa hiyo ilikuwa ya nani? Ukishindwa, unalala? Jumapili yenye mashindano, Misa unakwenda saa ngapi? Ukimwuliza hayo umemheshimu kama mtu mwenye dhamiri. Na mwenye mkeka ajibu maswali hayo hayo, tafadhali.

Sasa nirudi kwa yule aliyetoka kwenye hirizi. Paulo anaandika kwa Wakorintho, sura ya 8, kuhusu nyama iliyotolewa kwa sanamu. Anakubaliana kabisa na wenye elimu kwamba sanamu si kitu. Halafu anakataa kula kama kula kwake kutamwangusha ndugu ambaye dhamiri yake bado ni dhaifu. Wewe mchezaji una haki, nami nimekutetea kwa kurasa nzima. Lakini haki hiyo isikufanye uvae kadi kama beji ya kuonyesha kwamba huogopi kitu. Kuna pakiti unazoweza kuzipanga bila pepo hata mmoja na bado ukashinda; zipo kadi za malaika, za wanyama, za misitu. Ukialikwa kucheza nyumbani kwa mtu kama yule, panga hiyo. Utapoteza nini? Na akisema hataki kabisa, cheza naye draft au bao, utafungwa na utamfurahisha.

Na kwa mama aliyezikuta chini ya godoro: usimtupie Katekisimu usoni, hata kama namba unazijua. Kaa naye mezani. Tafuta maneno ya Kiswahili yasiyomtisha, sema mpiganaji, sema kiumbe, sema pointi, uache kabisa kuroga. Mpe pakiti rahisi na umfundishe mzunguko mmoja. Akikushinda, na wapo watakaowashinda maana wamezoea kukokotoa matumizi ya nyumba kwa pesa isiyotosha, mazungumzo yatakuwa mengine. Akikataa hata baada ya hapo, na wewe bado unaishi kwake na unakula chakula chake, amri ya nne unaijua. Mkabidhi. Mwombe tu asizichome kabla hamjaangalia bei pamoja, kwa sababu kadi moja ya zamani inaweza kulipa ada ya mtoto wa watu, na Caritas ya parokia haitauliza ilikuwa na picha gani.